Kipande cha Mkonge Ndani ya Redio

Naikumbuka Jumamosi moja, mjukuu wangu, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, nikiwa fundi wa redio mjini Thika, kijana anayejua kidogo na kujisifu sana.

Mzee Njoroge, mwenye karakana, alinipa redio ya mwalimu mmoja wa Ruiru. Ndani, ubao wa nyaya huinuliwa juu ya bati na vijiguu vinne vya chuma. Vijiguu hivyo hugongwa kwenye bati vikashika, visitoke tena, ili nyaya zenye stima zisiguse bati. Kimoja kilikuwa kimeng'oka. Kugonga kingine kulitaka nifungue redio yote, nami nilikuwa na msichana wa kumwona kule Gitothua (si shosho yako, na usimwambie). Nikachonga kipande cha mti wa mkonge, nikakibandika kwa gundi. Redio ikaimba, mwalimu akaichukua.

Jumatatu Mzee Njoroge akaokota kijiguu kipya mezani pangu.

"Hiki si kilikuwa cha redio ya mwalimu?"

Nikamwambia ukweli.

"Mkonge ukipata joto hunywea," akasema polepole. "Ubao ukilala, bati lote lina stima. Na mwalimu ana mtoto anayetambaa. Enda sasa hivi."

Nilipanda baiskeli hata pasi ya kusafiria sikuchukua, na askari walikuwa njiani. Lakini hofu yangu yote ilikuwa vidole vya mtoto yule. Kila mama aliyekuja mbio nilidhani analeta habari ya msiba. Nililia njiani, sioni haya kusema.

Mke wa mwalimu alinipokea vizuri, mtoto mgongoni.

"Karibu, fundi. Redio iko sawa, ni vile tu inafinya vidole nikiipanguza huko nyuma. Nilidhani zote ziko hivyo. Huyu namfunga mgongoni, anapenda kuishikashika."

Nikaikata stima, nikafungua. Mkonge ulikuwa umeanguka kando. Nikakaa sakafuni, nikakitoa mfukoni kijiguu kile kipya, nikakigonga mahali pake.

Mjukuu wangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliudharau, na mguu ungekuwa wa mwingine. Mama yule alivumilia kosa langu kwa kuwa aliniamini. Kazi ambayo mwenye kitu hawezi kuiona ndani, ifanye kama mtoto wako ndiye atakayeigusa. Na ukikosea, usingoje kuulizwa. Mungu akulinde, awalinde na wale wanaokuamini bila kukukagua.