Kipepeo wa Obdulia na Makaa ya Saturnino

Saturnino alichoma makaa maisha yake yote, na mambo ya vipepeo hakuwa na habari nayo. Mwenye vipepeo alikuwa mkewe, Obdulia, aliyesambaza barua kijijini na kuwachora wadudu hao kwenye daftari. Juni yake ya mwisho alimwona mmoja mdogo, wa kahawia, kwenye vichaka vya mialoni vya mteremko wa nyuma. Alimchora kwa mbali, akaweka alama ya kuuliza pembeni. Ugonjwa ulipomlaza, alimwita mumewe.

"Huyu akitua hufumba mbawa, kwa hiyo mtazame upande wa nje. Madoa ya chungwa yakizungushiwa weusi, ni yule wa kawaida. Yasipozungushiwa, ni mwingine, na kwetu hajawahi kuandikwa. Unifutie ile alama, mzee wangu."

"Nitaifuta."

Akafariki Oktoba.

Saturnino hakujua kulia mbele za watu, akafanya alichokijua. Kwao, mwaloni wenye vichaka miguuni ni aibu ya mwenyewe. Januari alipanda mteremkoni na shoka, akakata machipukizi yote ya chini mpaka mashina yakabaki matupu, ili Juni aone vizuri. Jirani yake Liborio alimtania kwamba anafagia kana kwamba anamsubiri askofu. Vijiti alivichoma makaa, na baridi yote ile miguu yake ilipata joto la seredani, jiko dogo la makaa lililowekwa chini ya meza.

Juni alikaa mteremkoni siku kumi na tisa, amevaa miwani ya marehemu. Hakutokea kipepeo hata mmoja.

Alimwita Nieves, binti anayetunza orodha ya vipepeo wa mkoa. Binti aliusifu mchoro, lakini akasema kwa mchoro huo peke yake hawezi kuandika jina. Kisha akautazama mteremko, akauliza nani amekata.

"Mimi. Nilikuwa namtengenezea njia."

Nieves akainama, akagusa shina moja lililokatwa machipukizi.

"Sema tu, mwanangu. Nimezeeka, sijafa."

"Mayai yake hukaa kwenye vijiti vya chini, mzee. Msimu wote wa baridi."

Saturnino alimshukuru, akamsindikiza hadi kwenye gari. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na hilo halikumpunguzia uchungu hata kidogo.

Baridi iliporudi, gunia la makaa ya vijiti vile lilikuwa limebaki nusu. Hakuligusa. Alikunywa supu amevaa koti, miguu imekufa ganzi chini ya meza, na daftari liko wazi mbele yake, ile alama ikiwa palepale.