Aliyefungwa Anainuka

Nilipofika Dodoma kumuuguza kaka yangu, aliniomba kitu kimoja tu: nimpeleke kijiweni akacheze drafti. Sikutaka. Alikuwa amebaki mifupa na macho, na jua la pale halina adabu. Lakini ndiye aliyenifundisha mchezo wenyewe tukiwa watoto kwetu Iringa, kwa vizibo vya soda na ubao tuliouchora kwa mkaa, na hakuwahi kunionea huruma hata nilipolia. Nikamvalisha koti, nikamshika mkono, tukaenda.

Kijiwe kilikuwa karibu na stesheni, barazani kwa duka la shirika la umma ambako kaka alikuwa karani. Mlangoni palikuwa na kufuli. Shirika lilikuwa linatafutiwa mnunuzi, na waliopunguzwa kazi walihamia nje ya mlango uleule, wakicheza kutwa nzima. Serikali ilikuwa bado inahamia Dodoma kwenye hotuba. Kilichokuwa kimefika kweli ni soda. Zamani kizibo kilikuwa kitu cha kutunza, sasa vilitapakaa vya kila rangi mpaka relini.

Sheria ya kijiwe ilikuwa moja: aliyefungwa anainuka, aliyeshinda anabaki. Na huinuki hivi hivi, unasindikizwa kwa kejeli. Mpinzani mkubwa wa kaka alikuwa Mgogo mmoja, aliyekuwa mlinzi wa duka lile. Sisi ni Wahehe, tunaosemwa kula mbwa, nao Wagogo husemwa ombaomba, kwa hiyo wale wawili walikuwa watani tangu kuzaliwa. Kaka akija likizo alitusimulia matusi yao zaidi kuliko alivyotusimulia kazi. "Leo Mgogo kaniambia nimemaliza mbwa wote wa Iringa, ndiyo maana nimekuja kula kete zake." Alikuwa anacheka mpaka anatoka machozi.

Siku ile walipotuona, kelele zilikatika. Walijua anaumwa nini. UKIMWI hakuna aliyeutaja, walisema tu kwamba fulani kakanyaga waya. Mtu alimpisha kiti haraka mno. "Karibu, kaka. Pole, kaka." Wa kwanza akacheza, akafungwa upesi. Wa pili vilevile. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kaka, nauona ubao wote. Kwenye drafti kula ni lazima, ukiachiwa kete unaila upende usipende, nao walikuwa wanamwachia mbili mbili, tatu tatu, kama wanamlisha uji. Wakishafungwa wanainuka, wanaenda kusimama mbali. Mmoja nilimwona anafuta vidole kwenye suruali. Nilitamani kumzaba kofi.

Kisha akaketi mtani. Kaka akachangamka, akajivuta mbele. "Haya, ombaomba wee, njoo nikunyang'anye na hicho kidogo ulichopewa."

Mgogo akapanga vizibo vyake. Alicheza kainamisha uso, na mchezo haujafika mbali akaacha kete tatu wazi kwa mpigo. Hata nilipokuwa na miaka kumi nisingefanya vile. Kaka alishika kizibo chake hewani muda mrefu, anamtazama. Halafu akala. Mgogo akasimama.

"Hongera, kaka," akasema. Hakumwita mtani.

Tukirudi, kaka akaomba tupumzike kwenye jiwe kando ya njia. "Umeona?" akaniuliza. Nikasema nimeona.

"Wameshanizika, mdogo wangu. Hata yule hakunitukana." Akalia, na safari hii haikuwa kwa kicheko.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Mgogo peke yangu. Nikamwamkia shikamoo, kwa kuwa ni rika la kaka, lakini moyoni nilikuwa nimemchukia.

"Kaka yangu anataka mchezo mmoja wa kweli," nikamwambia. "Mfunge. Mtukane kama zamani."

"Dada, nikimtazama ulimi unakauka."

"Basi kunywa maji, uje nyumbani na ubao."

Akaahidi atakuja jioni. Nikampelekea kaka habari, akataka nimuegemeze kwenye mito, uso uelekee mlangoni. Mgogo hakuja. Kesho yake tena nikamuegemeza, na keshokutwa. Kwa kila hatua ya mpita njia kaka aliniuliza, "Mtani huyo?" Alikufa asubuhi moja nikiwa jikoni nachemsha uji.

Zamani shirika lingetoa lori la kumrudisha marehemu kwao. Sasa hapakuwa hata na mtu wa kumuomba. Tukamzika Dodoma, kwenye ardhi ngumu ambayo jembe linagonga na kurudi. Mgogo alikuja na sururu yake, akachimba akakataa kupokewa. Jeneza lilipokuwa tayari kushushwa, akauchukua ubao wa drafti aliokuwa ameufunga kwenye khanga ya mkewe, akauweka juu ya kifuniko.

"Mhehe!" akapiga kelele. "Mla mbwa wee! Ulidhani nitakuachia mpaka lini? Leo nimekufunga. Aliyefungwa anainuka. Haya, inuka!"

Watu wakacheka, maana mtani msibani ana ruhusa yake. Hata padri alitabasamu. Naye akaendelea kusema inuka, inuka mtani, mpaka sauti ikapasuka na wenzake wakamshika mabega. Nilicheka na wengine, kisha nikatamani kumpiga na ile sururu yake. Maneno yaleyale kaka alikuwa ameyangoja siku zote zile, ameegemea mito, anatazama mlango.