Ukwaju Juu ya Joka la Fedha

Ummulkheir alijua namna moja tu ya kumwandalia mgeni wa heshima: kusugua. Kwao Lamu, kila harusi ilipokaribia, mama yake alisugua masinia na bangili za fedha kwa ukwaju na jivu mpaka mtu ajione uso. Basi Jumatano moja ya mwaka 2016, alipoambiwa kwamba Bi Han, Mkorea wa Jumeirah Lake Towers, angekuja kesho yake kununua sarafu yake ya Korea, alirudi chumbani kwake Deira, Dubai, akaloweka ukwaju.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya fedha, ya miaka ya 1890, na joka limejikunja katikati. Aliinunua mwaka 2011 kwa Ami Marhun, mzee wa Kizanzibari aliyemwajiri katika duka lake la sarafu na stempu za kale. Siku hizo sarafu za Korea hazikuwa na wateja. Ummulkheir alizipenda kwa yale majoka, na Ami Marhun, bila kuchoka, akamfundisha kusoma miaka ya wafalme na kutambua ipi ni adimu. Kisha wakusanyaji wa Seoul wakaanza kuzisaka sarafu za kwao popote zilipotawanyika. Bei ikapanda mwaka hadi mwaka, hata joka lile likafikia gharama ya kumpeleka mtu Hija. Mtu huyo alikuwa mama yake, na Ummulkheir hakuwa na haja nyingine.

Alhamisi asubuhi alifungua kitambaa juu ya kaunta. Joka lilimeta kama kijiko kipya.

Ami Marhun alivua miwani, akaivaa tena. "Umelifanya nini?"

"Nimeliosha, Ami. Si kuna mgeni?"

"Mwanangu, weusi ule ndio umri wake! Ndio watu wanaoulipia. Miaka mitano uko hapa, umeniona nikisugua sarafu hata moja?"

"Nilidhani ni uvivu wa wanaume."

Mzee alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwona machozi yakimlengalenga, akamsogezea kiti.

Raed, muuzaji mwenzake, akasogea. "Yalla, dada Ummu, usilie. Lifungie mkebeni na yai la kuchemsha, mvuke wake huitia fedha weusi. Kufika alasiri litakuwa jeusi. Madam atajuaje?"

"Nimpeleke mama Makka kwa pesa ya yai, Raed?"

Raed akakuna kichwa, akarudi kwenye stempu zake.

Bi Han alifika saa kumi. Kabla hajatoa kioo chake cha kukuzia, Ummulkheir alimwambia kwa Kiingereza, "Madam, nimeliosha mwenyewe. Kwa ukwaju na jivu. Sikujua."

Bi Han aliinama juu ya joka muda mrefu, akifuata mikwaruzo ya jivu.

"Ile bei tuliyozungumza siiwezi tena," alisema.

"Naelewa, madam."

"Mwaka huu nimeuziwa sarafu tatu zilizooshwa. Hakuna aliyeniambia. Wewe nitakupa nusu."

Ilikuwa zaidi ya thamani yake sasa. Ami Marhun alijua, Ummulkheir pia alijua. Alishukuru kwa Kiingereza, akashukuru tena kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza hakikumtosha.

Mgeni alipoondoka, Ami Marhun akasema taratibu, "Pole, mwanangu. Kwa pesa hii Hija haifiki."

"Hija ndogo inafika, Ami. Umra," alisema Ummulkheir, akapiga simu papo hapo.

"Mama, Hija sijaiweza. Nimepata Umra."

"Umra ya nani?"

"Yako, Mama."

Halafu sauti ikapasuka, si kwa Ummulkheir bali kwa jirani wa ng'ambo ya kichochoro: "Kibibi! We Kibibi! Njoo usikie, mwanangu anipeleka Makka!"

Ummulkheir alisema alhamdulillahi mara tatu. Ami Marhun alimpa mgongo, akajifanya anatafuta kitu kabatini.