Hifadhi au Malisho

Asubuhi ile Tekla alimwamkia shemeji yake mara mbili, na mara zote mbili Gidahosh hakuitikia. Alisimama mlangoni na fimbo yake, shuka imemfunika hadi kidevuni, akimtazama kama anayemkagua ng'ombe mgonjwa.

"Nimeona vigingi kule mbugani," alisema hatimaye. "Vina rangi nyekundu kichwani. Umetuuza?"

Tekla alikuwa Mwiraqw wa Dongobesh, huko Mbulu, mwanamke aliyesoma hadi kidato cha nne, akaolewa Basotu na Joakimu, Mbarbaig, wakati ndoa ya namna hiyo ilisemwa vibaya pande zote mbili. Tangu hapo aliishi kwa tahadhari ya mtu anayejua anaangaliwa. Nyumba yake haikukosa maziwa ya mgeni, watoto wake hawakuonekana kilabuni, na hata alipofiwa na mumewe hakumpa mtu nafasi ya kusema lolote. Joakimu alimwachia mbuga kando ya ziwa: nyasi ndefu, tope jeusi na maji ya kina kifupi ambamo bata maji na korongo walitaga kila masika. Kiangazi, ng'ombe wa ukoo mzima waliponea hapo.

Lakini tangu serikali iruhusu biashara huria, kila mwenye trekta alitaka ardhi ya kukodi, na Manyara ilipokuwa mkoa wakaongezeka. Ndiyo maana Tekla alimsikiliza Severine, binti wa shirika moja la mazingira la Arusha. Ukoo ungebaki na mbuga yake na kuchunga kama kawaida, ila ungeweka mkataba kwamba haitalimwa wala kukaushwa maji kamwe, hata na wajukuu. Wazee walikubali kwa mdomo. Gidahosh hakuwepo, alikuwa Hirbadaw na mifugo.

"Sijauza, shemeji. Vigingi vinaonyesha mahali pasipolimwa, basi."

"Hata waliotunyang'anya malisho wakapanda ngano walianza na vigingi. Wewe ulikuwa shuleni kwenu Mbulu. Mimi nilihama na ndama begani." Akashusha sauti. "Nimeongea na Tadei, yule mkulima. Trekta inakuja leo. Tunalima yote."

"Mbuga ya ndugu yako? Wewe, mfugaji?"

"Wanaochukua ardhi huziita nyasi pori tupu. Kilicholimwa hawachukui. Na elimu yako yote hujui hilo?"

Tekla alipima pande zote mbili. Mbuga ikilimwa, ng'ombe watakufa kiangazi. Na kama mkataba ni mtego, watasema mwanamke wa Mbulu aliuza ardhi ya Joakimu. Kwa vyovyote jina la marehemu lingechafukia mikononi mwake. Alikaza kilemba, akatangulia kwenda kwenye mkutano wa kusaini mkataba.

Walikaa ofisi ya kijiji, mbuga ikionekana kule chini. Severine aliwaamkia wazee, akaanza kusoma mkataba. "Eneo hili litakuwa hifadhi ya ndege wa maji na..."

Hakumaliza. Wazee waliinuka, fimbo zikagonga sakafu.

"Hifadhi!" alipaza sauti Gidahosh. "Mmesikia wenyewe. Hifadhini mchungaji anaitwa nani? Mvamizi! Ng'ombe anatozwa faini, bata ana mlinzi mwenye bunduki."

"Basi tuote manyoya," alidakia mzee mmoja. Wachache walicheka, kicheko kikavu.

"Mzee, ni neno la kitaalamu tu," alisema Severine.

"Na sisi tutafukuzwa kitaalamu."

Hapo trekta ikasikika. Wote waligeuka. Kule chini Tadei alikuwa ameanza kazi, na mstari mweusi ulifunguka katikati ya nyasi. Korongo hawakuruka. Waliifuata trekta kwa nyuma, wakiokota nyungunyungu. Tekla alishindwa kutazama.

"Mwanangu, neno hilo litoke," alimwambia Severine.

"Mama, lazima kwanza niulize Arusha."

"Arusha wakijibu, mbuga imekwisha. Hiyo karatasi ina jina la mume wangu. Futa, andika malisho. Malisho ya ukoo, yasiyolimwa. Hutaki, sisaini, na vigingi vyako naving'oa mwenyewe."

Severine aliwatazama wazee, akafuta. Akasoma upya, polepole. Gidahosh akamwambia arudie, naye akarudia. Ndipo Gidahosh alipotoka nje, akavua shuka na kuipunga juu mpaka trekta ikasimama.

Aliporudi hakukaa.

"Mimi siweki dole gumba. Liwe jina lako, shemeji. Neno lile likirudi kutoka Arusha, watoto wa ukoo huu watajua wa kumuuliza."

Tekla hakujua watu wa Arusha wangeandika nini wakishabaki peke yao na karatasi ile. Alitaka kusema hivyo, lakini trekta ilikuwa bado inanguruma pale iliposimama. Akachukua kalamu. Jina lake aliliandika vizuri. Chini yake akaandika "mjane wa Joakimu", akainamia karatasi, wazee wasimwone uso.