Tulipiga mchanga gari la kijiji wenyewe, nikamtukana fundi aliyetuonya

Wakuu, nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu kama anunue mashine ndogo ya kupiga mchanga ili abandue rangi ya gari lake nyumbani, au alipeleke kwa fundi. Wengi mlimjibu kwa kulinganisha bei. Mimi nitamjibu kwa yaliyonipata, na sitapunguza sehemu zinazoniaibisha. Anayetaka uzi wa kuchekesha, huu si wake.

Nimevuka sitini. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kidato cha nne kichwani, na nilikuwa katibu wa kijiji cha ujamaa upande wa Mungaa, Singida. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote pale, na kila mtu alilijua hilo kwa sababu nilikuwa nikiwaambia.

Kijiji kilikuwa na pikapu moja kuukuu. Ilibeba mbegu, ilibeba viongozi, na zaidi ya yote ilibeba wagonjwa. Bila pikapu, hospitali ya misheni ilikuwa safari ya nusu siku kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Naomba mlishike hili. Mke wangu Paulina alikuwa na mimba ya pili, ya miezi minane. Mtoto wetu wa kwanza, kabla kijiji hakijapata pikapu, alizaliwa juu ya mkokoteni huo, katikati ya korongo, na hakufika hospitali akiwa hai.

Kutu ilikuwa imeanza kula sakafu ya pikapu. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwiru, akamwita fundi Omari kutoka Singida Mjini aje aitazame. Fundi huyo alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye karakana yake ndogo.

Fundi alilizunguka gari, akagonga hapa na pale kwa kucha. Mkutanoni akasema rangi yote itolewe kwa mchanga wa kupulizwa na hewa, kazi ya siku nne mjini kwake, na malipo yake ni ng'ombe mmoja.

Nikasimama.

Nilisema kijiji hakikuanzishwa ili kumnenepesha mtu mmoja. Kompresa ya kupuliza hewa ipo hapa hapa, ya wachimba visima waliopiga kambi kijijini. Mchanga Mungu ameumwaga bure. Kujitegemea ni nini basi? Kisha, kwa kuwa nilipenda kushangiliwa, nikamalizia: "Ndugu wananchi, kupe habembelezwi kwa ng'ombe. Kupe hubanduliwa."

Watu wafugaji wale. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Fundi Omari alingoja kicheko kiishe. "Chuma hakijui siasa, ndugu katibu," akasema. Akachukua mfuko wake, akaenda kusubiri basi.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, wakuu, maana aliyeuliza anataka kujua.

Mchanga wa korongo letu ulikuwa mchafu, una matope na kokoto. Pikapu ilipokwenda mjini mara ya mwisho, nikaagiza ijazwe mchanga wa ufukwe wa Ziwa Singidani. Mchanga safi, mwepesi, kama uliochekechwa. Nilijipongeza kwa akili hiyo.

Mdomo wa kupulizia tuliutengeneza kwa kipande cha bomba. Dereva wetu, Ntandu, ndiye aliyeshika. Alijifunga gunia kichwani na miwani ya welda machoni. Vumbi lile lilimfanya akohoe wiki nzima, nami nilimwambia ni mafua. Leo najua vumbi la mchanga huingia mapafuni likakaa humo, na kwamba nilikuwa nikichezea uhai wa mtu.

Hatukuziba chochote ipasavyo. Mdomo wa tangi la petroli tuliusokotea kitambaa. Magurudumu tuliyaacha wazi. Boneti tuliipuliza kwa karibu mno, ikapata joto na kujikunja, isifunge tena.

Lakini jioni gari zima liling'aa kama sahani mpya. Watu walipiga makofi. Nililala vizuri usiku huo, na ndio ulikuwa wa mwisho kwa muda.

Asubuhi lilikuwa na rangi ya machungwa. Lote.

Nikasema ni umande. Tukasugua kwa msasa, tukafunika kwa turubai. Kesho yake kutu imerudi. Nikaamuru lipakwe rangi hivyo hivyo, kwamba rangi itaizuia. Baada ya siku nne rangi ilitoka malengelenge, ukibonyeza kwa kidole inapasuka.

Kisha Ntandu akaliwasha. Injini ilikohoa kama yeye, ikazima. Ilipokubali kwenda hatua chache, magurudumu yalisaga kama jiwe la kusagia uwele, na breki ikashika upande mmoja tu.

Akashuka, akanipa ufunguo. "Mimi gari hili sishuki nalo mlima. Endesha mwenyewe, ndugu katibu. Si tunajitegemea?"

Mzee Mwiru alilizunguka gari mara moja. Alinitazama, akaenda zake, na hilo lilinitia hofu kuliko karipio.

Paulina naye alikuwa na lake. Kila asubuhi alitembea polepole, mkono kiunoni, akafika pale penye gari, akasimama, akarudi. Siku moja akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chumvi:

"Katibu, ng'ombe wa mkokoteni wanalishwa vizuri?"

Wakuu, nimewahi kuugua malaria ya kichwa, nimewahi kukoswa na nyoka. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa swali hilo.

Nilichukua baiskeli alfajiri, nikafika karakana ya fundi Omari jua likiwa kali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kupe nipo, karibu."

Nikaegemeza baiskeli. Nikamweleza yote, na hali ya Paulina nikamweleza. Alikuwa ameinamia kazi yake. Akauliza swali moja tu.

"Mchanga mliutoa wapi?"

"Ziwani."

Akanyanyua kichwa. "Uliuonja?"

Nikadhani ananikejeli. Hakuwa akinikejeli. Akaniletea konzi ya mchanga wake kutoka kwenye pipa, akaniambia nionje. Haukuwa na ladha yoyote. "Mimi huuosha, huuanika, kisha huuonja," akasema. "Ule wa ziwani una chumvi, wewe umekulia mkoa huu hujui? Mmeipigilia chumvi ndani ya chuma kwa nguvu za kompresa."

Nilijua, wakuu. Kila mtoto wa Singida anajua maji ya ziwa lile hayanyweki. Nililijua kama mtu anavyojua habari ya kitabuni, halikunijia kichwani nilipolihitaji.

Fundi alifunga karakana yake na kuja, akiwa na magunia mawili ya mchanga wake juu ya basi.

Hakuanza na rangi. "Kwanza liende, halafu lipendeze," akasema. Alifungua magurudumu yote manne, akatoa mchanga kwenye breki kijiko kwa kijiko. Akashusha tangi, akaliosha kwa petroli. Akafungua kabureta, akaisafisha kwa unyoya wa kuku. Hayo yalichukua siku mbili, nami nilihesabu kila saa kwa kutazama tumbo la mke wangu.

Bodi ilihitaji kuoshwa kwa maji mengi yasiyo na chumvi ili chumvi itoke, na ulikuwa kiangazi. Kila ndoo ilitoka mbali, vichwani mwa wanawake ambao hawakuulizwa maoni siku ile mkutanoni. Nilibeba nao. Walinicheka, na walikuwa na haki.

Siku ya tatu alimwelekeza Ntandu kupiga mchanga upya, kwa mbali, kwa mshazari, kila tundu limezibwa. Ntandu alifungwa kitambaa kilicholowa puani, na kila mara alipumzishwa. Chuma kilipokuwa bado na joto la jua, fundi akaanza kupaka praima, ile rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu. Alikuwa amemaliza nusu ya gari uchungu ulipomshika Paulina.

Tuliondoka na pikapu isiyo na boneti wala milango, maana fundi alikuwa ameving'oa apate kuvipaka, nusu nyekundu ya praima, nusu nyeupe ya chuma kitupu. Ntandu aliendesha. Fundi Omari alikaa kando yake, kichwa amekitoa nje, akisikiliza magurudumu. Mimi nilikuwa nyuma nimemshika Paulina. Kwenye korongo lile alifumba macho, akanibana mkono mpaka kucha zikaingia. Breki ilishika pande zote. Tukapanda ng'ambo ya pili.

Binti yetu alizaliwa hospitalini kabla ya saa sita usiku. Alilia mara moja tu, kwa nguvu, kisha akanyamaza kama mtu aliyemaliza hoja.

Nilimfuata fundi Omari barazani. Nikasema, "Mzee, nisamehe kwa neno lile."

Alikuwa akifuta mafuta mikononi. "Nimekusikia," akasema. "Lakini mkutano haukukusikia."

Nikaahidi kulisema kwenye mkutano unaofuata. Mkutano ulipofika, walikuwapo wageni wa wilaya. Mimi ndiye niliyeandaa ajenda, na jambo hilo sikuliandika. Kijiji kilimpa ng'ombe wake, akalimaliza gari, akaondoka. Mwaka uliofuata nikahamishwa. Nilipopita tena Singida Mjini, karakana ilikuwa ya mtu mwingine, na mwenyewe ameshazikwa.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza: lipeleke kwa fundi. Ukikaidi, basi uoshe mchanga na kuuonja, uzibe kila tundu, ukinge mapafu yako, na usiache chuma kilale uchi. Kujitegemea hakumaanishi kujua kila kitu. Mwenye ujuzi anayeishi kwa jasho lake hamnyonyi mtu, na sisi tuliosoma ndio wepesi wa kulisahau hilo.

Wenye uzoefu na kazi hii waongeze, na mwenye kunilaumu asione haya.

Nimeandika hapa kwa sababu humu tunasoma wengi kuliko tuliokuwa mkutanoni siku ile. Fundi Omari hakuwa kupe. Nilisema uongo, na nilijua ni uongo nilipokuwa nikiusema.