Rudia, Mwanangu

Leo nimeosha bakuli la jiwe lililochongwa Tabaka, kijijini kwetu, na harufu ya jiwe lililolowa ikanirudisha huko.

Daktari alikuwa amesema upasuaji wa mama ni nusu kwa nusu. Dada alikuwa na kikokotoo cha kuchora grafu, cha kuazima shuleni. Akakiandikia programu ya kurusha sarafu mara mia: kila kichwa, mama amepona. Vikatoka vichwa arobaini na sita.

Baba alikuwa mchongaji wa mawe. Kasoro yoyote aliisugua mpaka ipotee. Akakitazama kikokotoo.

“Rudia, mwanangu.”

Hamsini na moja.

“Rudia.”

Hamsini na nane.

“Hapo hapo. Msiguse tena.”

Akajifuta vumbi, akaenda hospitali akitabasamu.

Jioni alirudi peke yake na leso aliyolazwa nayo mama, imekunjwa. Akaketi kando ya dada, akamsogezea kikokotoo.

“Rudia, mwanangu.”