Picha Moja Darajani

Nilirudi Garissa na diploma, suti mbili na kamera, na kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai nikaambiwa kwamba nimekufa.

Aliyeniambia ni mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye lori lake lilibeba sukari na mchele kati ya Garissa na Wajir. Alinikuta mkahawani, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akavuta kiti bila kuagiza kitu.

"Wariya," akasema, kama tunavyomwita mtu tunayetaka kumkemea, "tumekula mbuzi watatu kwa ajili yako."

Hitima yangu ilikuwa imesomwa Griftu, kwetu karibu na Wajir, miezi minne nyuma. Ulikuwa wakati wa vita vya shifta, kati ya serikali na waasi. Barabara zilijaa vizuizi, barua hazikufika, na habari zilisafiri midomoni zikibadilika kila kisimani. Katika kisima cha kwanza ilisemwa kwamba vijana waliokuwa wakirudi kutoka Sudani walikamatwa njiani. Katika kisima cha pili walikuwa wamepigwa risasi. Habari ilipomfikia mama, ilikuwa na jina langu na jina la baba yangu na la babu yangu, na haikuacha nafasi ya shaka.

"Basi mwambie niko hai," nikasema. "Si umeniona?"

"Hataamini. Watu wawili wamekwisha kumwambia hivyo ili kumtuliza, na wote amewafukuza kwa fimbo. Hanywi hata maziwa ya ngamia wako."

Hilo liliniingia. Kwetu, mtoto wa kiume akizaliwa na kitovu chake kikifungwa, hupewa ngamia jike awe wake, na uzao wote wa ngamia huyo ni wake. Mama alikuwa amekunywa maziwa ya ngamia wangu tangu nikiwa mchanga. Sasa alikuwa akisema kwamba maziwa ya maiti hayapiti kooni, na mjomba alinieleza kwamba mikono ya mama imekuwa kama vijiti.

Kwenda Griftu mwenyewe sikuruhusiwa. Mtu yeyote aliyetoka ng'ambo alitakiwa kukaa Garissa hadi achunguzwe, na uchunguzi wenyewe haukuwa na haraka. Lori la mjomba lingeondoka Alhamisi katika msafara wa askari, na msafara mwingine haukujulikana ungekuwa lini. Ilikuwa Jumanne.

Mimi si mtu wa kushindwa, na nalisema hili bila haya kwa sababu hakuna aliyenibeba. Nilitoka machungani nikiwa peku. Niliosha vikombe katika mkahawa uleule niliokuwa nimekaa, nikajifunza herufi kutoka katika makasha ya majani ya chai, nikasoma nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa na wake wawili. Nilifika Khartoum kwa lori, kwa meli na kwa miguu, nikarudi na diploma ya tiba ya mifugo. Katika ukoo wetu wote, ukihesabu hata upande wa mama, hakukuwa na mwingine. Kwa hiyo mjomba alipokuwa bado anatikisa kichwa, mimi nilikuwa nimekwisha kupata dawa.

"Nitampelekea picha," nikasema.

Tena si picha ya mtu aliyesimama ukutani, ambayo ingeweza kupigwa hata Khartoum. Nilitaka nionekane mbele ya daraja la mto Tana. Mama hakuwahi kuliona, lakini hakuna mtu hadi Griftu na kupita Griftu ambaye hakulijua kwa masimulizi. Kuvuka daraja kwenda magharibi, watu wetu walikuita kwenda Kenya. Kuvuka kuja mashariki kulikuwa kurudi nyumbani. Anayeonekana na daraja lile mgongoni mwake, amerudi.

Tatizo ni kwamba daraja lilikuwa likilindwa na wanajeshi usiku na mchana, na mtu mwenye kamera karibu nalo alikuwa akitafuta kifo cha pili. Nilivaa suti ya kijivu, nikaenda kwa Bwana D.O., afisa wa wilaya, na diploma yangu ndani ya bomba lake la bati. Sitaki kujisifu, ila alisimama kunipa mkono. Aliandika kibali kwa mkono wake: nitembee kutoka ofisini hadi darajani na kurudi, nikiongozwa na askari wa utawala, nisizidishe saa moja, nipige picha moja tu, na asionekane mwanajeshi wala kituo chao.

Askari niliyepewa alikuwa mzee mwenye kilemba chekundu, wale tuliowaita dubas. Ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni wote wa serikali, na alikuwa na maelezo yake ambayo hakuyafupisha kwa ajili ya mtu yeyote. Jumatano asubuhi tuliondoka, yeye mbele na mimi nyuma, kamera shingoni, bomba la diploma kwapani.

"Hapa," akaanza, akinyoosha fimbo, "ni mahakama. Pale ni hospitali. Ukiumwa unakwenda pale, ukimuumiza mtu unakuja hapa."

"Adeer, mimi ni wa hapa," nikamwambia. Adeer ni baba mdogo au baba mkubwa. Ndivyo tunavyomwita kila mwanamume wa umri wake. "Mji wote huu naujua."

"Wa hapa havai hivyo. Na huu ni mkahawa. Zamani kulikuwa na mtu hapa akiosha vikombe, alikuwa akivunja kimoja kila siku."

"Nilivunja viwili tu!"

"Aa, kumbe ni wewe," akasema bila kugeuka, na nikaona mabega yake yakicheka.

Tulipita soko la mbuzi. Mama mmoja muuza maziwa alishusha chombo chake ili anione vizuri. "Mashallah! Arusi ya nani?"

"Si arusi," dubas akamjibu. "Huyu ni marehemu. Namtembeza kidogo."

Wanawake walicheka hadi wakashikana. Nami nilicheka, ingawa tai ilikuwa imeanza kunikaba na jasho lilikuwa limefika kwenye soksi. Kutoka sokoni njia huteremka kuelekea mtoni, na hewa hubadilika. Unasikia harufu ya tope na majani mabichi kabla hujaona maji. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, ukipita taratibu kama mtu mwenye mali. Na juu yake daraja. Nimeona madaraja ya Khartoum, yenye taa na reli. Moyo haukuruka kwa hayo.

Mwanajeshi wa zamu alitusimamisha kabla hatujafika. Alikuwa kijana wa bara, wa sehemu za baridi, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa joto.

"Afande," dubas akamwambia kwa Kiswahili chake, "huyu kijana yangu. Ana karatasi ya Bwana D.O. Nataka bicha moja, basi."

Mwanajeshi alisoma kibali mara mbili. Kisha akaelekeza bunduki kwenye bomba. "Na hiyo?"

Nililifungua kwa furaha. Hilo swali nilikuwa nikilisubiri tangu niliposhuka melini. Alikunjua diploma, na badala ya kutazama mhuri kama wengine wote, akaanza kuisoma, mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Hapa wamesema umepita," akasema.

"Ndiyo."

"Hawajasema umepita vizuri. Mimi kaka yangu ana ya ualimu, yake imeandikwa amepita kwa sifa."

"Wenye sifa walikuwa wawili tu," nikasema.

"Wewe ulikuwa wa ngapi?"

"Wa sita."

"Mlikuwa wangapi?"

"Tisa."

Akairudisha kwa heshima kubwa, jambo lililoniuma zaidi. Sasa nasema aliyoninyima nafasi ya kuyasema siku ile: wale watano waliokuwa mbele yangu walikuwa watoto wa mawaziri na wafanyabiashara, waliosomea chini ya taa ya umeme tangu wakiwa wadogo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejifunza kusoma kwenye makasha ya chai. Ukipima kutoka pale mtu alipoanzia, mimi nilikuwa wa kwanza, tena kwa mbali.

Tukaonyeshwa mahali pa kusimama, ukingoni, pembeni mwa chuma cha daraja, mgongo wa kituo ukiwa upande mwingine. Mwanajeshi alitazama saa yake. "Dakika tano."

Nilimfundisha dubas kamera: jicho hapa, kidole hapa, usitikisike. Nikanyoosha tai, nikaweka sawa kofia, nikavaa miwani ya jua niliyoinunua kwa Mgiriki mmoja Khartoum, nikashika bomba la diploma mbele ya kifua. Nikainua kidevu.

"Tayari," nikasema.

Kamera haikulia.

"Adeer, bonyeza."

Aliteremsha kamera. "Nimeambiwa nikulete upige picha ya kumpelekea mama yako. Hii naona ni ya Bwana D.O."

"Ni mimi!"

"Mimi najua ni wewe kwa sababu nimetembea nawe. Yeye aliyeko Griftu atajuaje? Alikuona mwisho ukiwa na shuka na fimbo. Sasa analetewa mtu wa serikali mwenye macho meusi, anaambiwa, hooyo, mama yetu, huyu ni mwanao. Si atamfukuza na huyo mleta picha?"

Nilimwaza mjomba akikimbizwa kwa fimbo. Nikavua miwani. Nikavua na kofia.

"Bado," akasema. "Alikuchoma wapi?"

Nilijifanya sikusikia. Kwetu mtoto akiugua sana, mama hupasha kijiti motoni na kumchoma mahali anapopajua yeye, kuufukuza ugonjwa. Mimi niliugua manjano nikiwa na miaka sita, na mama alinichoma alama tatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, zimepangana, moja imepinda kwa sababu niliruka. Sikuwa nimemwonyesha mtu alama zile kwa miaka. Khartoum niliwaambia wenzangu kwamba ni asidi ya maabara. Mikono ya mashati yangu ilikuwa mirefu kwa sababu hiyo, na saa yangu niliivaa juu ya alama hizo, si mkono mwingine. Mtu wa tiba, mwenye diploma ya tiba, hawezi kwenda akionyesha amechomwa kwa kijiti.

"Dakika mbili," mwanajeshi akasema.

"Adeer, nakuomba, bonyeza tu. Suti inatosha."

"Suti inauzwa dukani," akasema. "Alama ile ameitia yeye."

Kisha akafanya kitu ambacho hakikuwa katika maelezo yake ya wageni. Alivuta mkono wa shati lake la kiaskari, akanionyesha zake: mbili juu ya kiwiko, nyeupe, za zamani sana. "Kifua," akasema. "Hata leo sikohoi." Mwanajeshi naye alisogea kuangalia, akauliza kama inauma, dubas akamwambia anaweza kumchoma sasa hivi kama anataka kujua.

Nilifungua saa nikaitia mfukoni. Nikakunja mkono wa koti na shati hadi kiwiko. Nilimpa kamera ule mkono kama mtu anayepimwa shinikizo la damu, na uso wangu, najua kwa sababu ninayo nakala ya picha, ulikuwa uso wa mtoto wa miaka sita aliyeona kijiti kikitoka motoni.

Akabonyeza.

Niliisafisha picha mwenyewe alasiri ile, ndani ya stoo ya ofisi ya mifugo, milango imezibwa kwa magunia. Ilipojitokeza kwenye maji nilikaribia kulia. Mzee alikuwa amenisogelea mno. Mimi nilijaa picha nzima, na daraja, lile daraja la kujulikana hadi Griftu na kupita Griftu, nililoliombea kibali na kutembea kwa jasho, lilikuwa kipande cha chuma nyuma ya sikio langu la kulia. Ungeweza kudhani ni kitanda. Lakini mkono ulikuwa pale, mbele kabisa, na alama tatu zilionekana wazi kuliko pua yangu.

Alhamisi msafara uliondoka nayo. Zikapita wiki tano. Nikisubiri kuchunguzwa nilipewa kazi katika ofisi ile ya mifugo, nikachanja ng'ombe, nikaandika ripoti ambazo zilisifiwa, na kila jioni nilipita kituo cha malori nikijifanya nanyoosha miguu.

Mjomba aliporudi alinikuta palepale. Hakunisalimu, alianza kusimulia akiwa bado anashuka.

"Kwanza aliigeuza akaangalia nyuma. Akauliza sehemu nyingine ya mtu iko wapi. Nikamwambia picha haina nyuma. Akaangalia uso wako, akasema, huyu ni mtu mzima, mwanangu si mtu mzima. Nikajua kazi imeharibika. Halafu akaona mkono."

"Akasemaje?"

"Aliweka kidole kwenye alama moja, akaweka kwenye ya pili. Alipofika kwenye ile iliyopinda akasema, 'Nilimwambia asiruke.' Akakaa chini. Wanawake wakaja, akawaonyesha mkono tu, uso wako ameufunika kwa kidole. Jioni ile akaagiza aletewe maziwa ya ngamia wako."

"Akanywa?"

"Akanywa, akaomba tena. Na amekutumia hiki." Alinipa chombo cha mti kilichofungwa kwa ngozi, kimejaa nyirinyiri, vipande vya nyama ya ngamia vilivyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli. "Anasema ule, umekonda. Anasema pia hitima ya wale mbuzi watatu hairudishwi, itakaa akiba ya siku utakapokufa kweli."

"Na suti? Hakusema chochote juu ya suti?"

Mjomba alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," akasema. "Wala daraja."

Nilimpelekea dubas nusu ya nyirinyiri. Alikuwa akimtembeza afisa mpya kutoka Nairobi, na nilisikia sauti yake kabla sijamwona, ikieleza kwamba pale ni hospitali na hapa ni mahakama. Aliponiona alisimama, akaninyooshea fimbo.

"Na huyu," akamwambia afisa, "alikuwa marehemu. Ana diploma."